Ukidedi, Toa Pad

Nyumbani kwetu mtaa wa Section 58, mimi na dada yangu tulicheza kwa TV gemu ya paka wa katuni za zamani, anayeruka mashimo akikwepa nyundo. Sheria ilikuwa moja: ukidedi, yaani paka wako akifa, unatoa pad ya kuchezea, mwenzako ashike zamu. Siku hiyo nyundo ikamponda paka wa dada bapa kama chapati, na dada akakatalia na pad. Nikamvuta nywele. Akanipiga teke la tumbo, nikamuuma mkono hadi damu, naye akanigonga na hiyo pad mdomoni. Mama akatoka jikoni na mwiko, akatutandika wote bila kuuliza nani alianza.

Kwa TV, paka alimetameta kidogo, akainuka mzima. Mimi nilikuwa nimeshika mkononi jino langu la mbele lililong'oka, la ukubwani, lisiloota tena. Ati katuni ni za watoto! Hadi leo nikicheka, nafunika mdomo.