Sauti ya Binti wa Fundi Viatu

Shemeji yangu ni fundi viatu, na sijaona mtu anayeshona soli kama yeye. Hilo sijamwambia, asije akavimba kichwa. Mkewe alikuwa mdogo wangu, tukamzika. Akabaki na binti yao mmoja, huyo naye akaugua, akatutoka.

Binti aliwahi kuigiza kwenye filamu. Anatokea mara moja tu, kavaa aproni, anaweka kikombe mezani: "Chai yako hiyo, mzee, usiiache ikapoa." Basi. Picha zake zipo ukutani, lakini sauti ilikuwa pale tu, maana simu zetu wakati ule zilikuwa za vitufe. Kwa hiyo shemeji akajiunga na wale wanaoonyesha filamu kwa mtandao. Akifunga kibanda ananawa gundi, anamsikiliza mwanawe, ndipo anakula.

Mwanzoni walikuwa watu wazuri. Wakapandisha bei, akalipa. Wakachomeka matangazo ya sabuni katikati, akanung'unika, akalipa.

"Shemeji, hao wanakukamua," nikamwambia.

"Wewe hata rimoti unaishika miguu juu. Niache."

Jioni moja akaitafuta filamu, haipo. Akawapigia, mimi nimemshikia simu.

"Mkataba wa hiyo umeisha, mzee," akasema dada wa huduma kwa wateja. "Ila tumewaongezea nyingine nyingi, nzuri sana."

"Hizo nyingine sina mtoto ndani yake."

Yule dada akasema pole. Nadhani ilimtoka moyoni. Lakini filamu haikurudi, na wauza sidii wote tuliowazungukia hawaijui.

Juzi nimekaa naye kibandani, akaweka nyundo chini.

"Hivi, akishasema usiiache ikapoa, si alikuwa anacheka kidogo?"

"Hakucheka."

"Alicheka, shemeji. Kwa chini chini hivi."

Yule mtoto nimembeba mgongoni, sauti yake naijua. Pale hakucheka, alisema kama mtu aliyechoka na kazi. Na mimi si wa kukubali jambo ambalo si kweli, mtaa mzima unanijua kwa hilo. Ila nilimwona anavyonitazama. Alikuwa anaogopa.

"Haya," nikasema. "Alicheka."

Akaokota nyundo, akarudi kwenye soli. Nikamsikia anayarudia yale maneno polepole, na mwishoni anakiweka kile kicheko. Nikatazama barabarani.