Kadi Aliyoleta Mtu wa Kinkondja

Wengine mtasema nilisinzia. Sikusinzia. Ilikuwa alasiri, macho yangu yakiwa wazi kabisa, na jambo hili lilinipata mimi mwenyewe hapa Kamina, katika kibanda changu cha kupiga chapa na kutoa picha, karibu na gare, kituo cha treni.

Laptopu yangu ni ya zamani, nene, lakini ubavuni ina tundu la kuingizia kadi. Radi iliua matundu yake mengine yote. Nikichomeka kadi yenye waya wa printa, printa inafanya kazi. Nikichomeka nyingine, nasoma picha za kamera. Laptopu mpya ya dada yangu ni nyembamba kama sahani, haina tundu hilo. Ndiyo maana wenye kamera huja kwangu.

Siku hiyo mvua ilikuwa kubwa. Mwanamume mmoja akaingia, akafunga mlango wa chuma nyuma yake, akanisalimu kwa adabu. Alisema ametoka Kinkondja, kule ziwani, na amezunguka mji mzima akitafuta mashine yenye tundu. Alitaka picha moja tu ya mke wake. Kadi aliyonipa ilikuwa baridi, tena ilinuka matope.

Nikaichomeka. Nikaona mitumbwi, samaki wanaokaushwa, kisha mwanamke amesimama peke yake mbele ya kichanja, anacheka. Nikainakili picha ile kwenye mashine, nikapeleka mkono nitoe kadi yake niweke ya printa.

"Usiitoshe, mama," akasema, akinizuia nisiitoe. "Ukiitosha, minyi sitakuwa tena na fasi ya kukaa."

Nilidhani anatania. Nikaenda kufungua mlango nipate hewa. Haukusogea. Nikausukuma kwa bega, wapi! Kupitia nondo za dirisha nilimwona jirani yangu, muuza mikate, amejikinga mvua pale pale karibu. Nikamwita mpaka koo likauma. Hakugeuka. Simu haikuwa na mtandao. Wewe ungefanya nini? Mimi nilirudi nikakaa, maana hapakuwa na pengine pa kwenda, na kila alipovuta pumzi nilisikia maji yakicheza kifuani mwake.

Nikamweleza kwamba picha haiwezi kutoka kadi yake ikiwa mle.

"Papa, mashine iko na tundu moya tu. Ni kadi yako ao ni picha."

Alimtazama mke wake kwenye skrini.

"Basi, itoshe," akasema. "Lakini umupatie ile picha."

Nikavuta. Kiti alichokuwa amekalia kikawa kitupu, na mlango ulikuwa wazi, upepo unaupigapiga. Nikatoa picha. Niamini: kwenye karatasi yule mwanamume alikuwapo, mkono begani mwa mke wake. Kwenye skrini hakuwapo.

Niliuliza wachuuzi wa samaki mpaka mke akapatikana. Alipoiona picha aliketi sakafuni. Akaniambia mume wake alizama ziwani na kamera shingoni. Mwili haukuonekana, wala kamera. Nikampa na kadi ile; waliichimbia kaburi, wakaizika badala ya mwili.

Tundu bado linanilisha, sitaliacha. Lakini siwezi tena kukaa mahali palipofungwa. Hata nyumbani mume wangu aling'oa komeo la chumba chetu. Nawe, mtu akikuletea kadi, muulize kwanza mwenye kadi yuko wapi. Muulize kabla hajafunga mlango.