Gunia, Sindano na Ndama wa Ngassa

Kamanda wa sungusungu aliingia uani kwangu ana upinde begani na kitabu cha katuni mkononi.

Hakuwa anacheka.

Hapo ndipo nilipojua kimenuka, maana hakuna mtu pale Ngulyati aliyewahi kushika kitabu kile asicheke.

"Mwangaluka, mayu," Masele akanisalimia, yaani umeamkaje, mama.

"Mwangaluka, baba. Mhola, ni salama?"

"Si mhola hata kidogo. Ng'ombe wa Ngassa wameibiwa, na mwizi tumemwona humu." Akagonga jalada kwa kidole. "Ni jirani yako. Ni Milembe."

Ungo wa karanga ukanitoka mkononi.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, wajukuu zangu mnaosoma, msije mkapotea njiani.

Ilikuwa mwaka tisini na tano. Simiyu haijawa mkoa bado, sisi wa Bariadi tukihesabiwa Shinyanga. Wanunuzi binafsi wa pamba ndio kwanza wameingia. Mtu yeyote aliyepata mzani na turubai alikuwa anaitwa bosi.

Vitu navyo vilifurika mnadani Dutwa. Sabuni za kunukia, redio, mitumba. Na vitabu vya katuni.

Kijana wetu mmoja, Marcelo, alikuwa anachora vya kwake. Anavipeleka Mwanza kuchapwa, anarudi navyo kwa baiskeli na kuvipanga chini juu ya kipande cha turubai. Mfululizo wenyewe uliitwa Gunia na Sindano.

Gunia alikuwa mzee mnene, mlinzi mstaafu wa kiwanda cha pamba, anayelala amesimama. Sindano alikuwa bibi mwembamba, mla ugoro, anayechungulia mpaka kwenye vyungu vya watu. Hao ndio wapelelezi! Gunia hajawahi kumkimbiza mwizi hata siku moja. Alikuwa analala mlangoni, mwizi anajikwaa kwenye tumbo lake.

Kila kitabu kilimalizika kwa Sindano kupiga chafya na kusema: "Aliye karibu na chungu ndiye mwenye masizi!"

Watoto waliimba. Wazee waliimba. Hata mtu akipotelewa na jembe, utasikia, "Haya, nani alikuwa karibu na chungu?"

Sasa toleo la mwisho, Marcelo alimchora mwizi mpya. Mwanamke mwema kupita wote kijijini. Ana mwanya, ana beseni la maji kichwani, kanga ameifunga bega moja. Anasalimia kila mtu, anamtekea maji kila mgonjwa, na huku nyuma anafungua mazizi ya watu.

Mwanya ule tuliujua wote. Kanga ya bega moja tuliijua.

Alikuwa Milembe mwenyewe.

Yeye mwenyewe alipoonyeshwa alicheka mpaka akakaa chini. "We Marcelo, ugali wangu wote unaokula, shukrani yake ndiyo hii? Halafu umeninenepesha!"

Tukacheka wote. Ikaisha.

Kumbe haijaisha. Siku ya mnada iliyofuata, Ngassa alirudi kutoka Dutwa akakuta zizi dogo la nyuma ya nyumba liko wazi. Ng'ombe watatu hawapo, pamoja na ndama mmoja aliyezaliwa juzijuzi tu.

"Baba Masele," nikamwambia kamanda, "mtu anahukumiwa kwa katuni?"

"Si katuni peke yake, mayu. Tumemwita, tumemuuliza kwa heshima: siku ya mnada ulikuwa wapi? Kanyamaza. Tumeuliza tena. Kanyamaza. Mtu msafi ananyamaza?"

Niliinama nikaanza kuokota karanga.

"Kesho asubuhi ni dagashida," akasema, yaani mkutano wa kijiji kizima. "Asipojieleza, anatengwa."

Ninyi wa siku hizi hamjui kutengwa. Hupigwi, hufungwi. Ila hakuna atakayekusalimia. Hakuna atakayekupa kaa la moto wala kukuruhusu kuteka maji. Ukiugua, unaugua peke yako. Ukifiwa, unazika peke yako.

Na Milembe alikuwa mjane kama mimi, ana mjukuu mchanga na pamba imepasuka shambani. Nilipofiwa na mume wangu, mtu wa kwanza kuingia kwangu na kuni kichwani alikuwa yeye. Hakusema pole. Aliwasha moto tu, akaanza kupika.

Nikajifunga kanga vizuri, nikaenda kumtafuta Marcelo.

Nilimkuta amejikunja nyuma ya kibanda cha fundi baiskeli, macho mekundu.

"Mama Thomasi, naapa sikumaanisha! Nilimchora yeye kwa sababu hakuna mtu angeweza kuamini. Hicho ndicho kilikuwa kichekesho chenyewe!"

"Futa kamasi, twende."

"Wapi?"

"Zizini."

Akanywea. Nyie, kijana wa Kisukuma aliyezaliwa katikati ya mazizi, alikuwa anaogopa ng'ombe.

"Halina ng'ombe, Marcelo. Si ndiyo maana tunaenda?"

Masele alikuwa ameziba mlango wa lile zizi kwa miiba ili nyayo zisivurugwe. Aliniruhusu nichungulie. Marcelo akasimama mbali, ameshika baiskeli tayari kwa kukimbia.

Niliinama, nikaangalia vumbi pole pole.

Nyayo za ng'ombe watatu zinatoka. Sawa. Nyayo za katambuga, viatu vya tairi, za mtu mwanamume, nyuma yao. Sawa. Nyayo za peku, ndogo, pembeni.

"Za ndama ziko wapi?" nikauliza.

Masele akaja kuangalia. Ndani ya zizi zilikuwepo, vijikwato vidogo vimezunguka kila mahali. Mlangoni hakuna hata kimoja.

"Alibebwa," nikasema.

"Basi alibebwa. Kuna nini hapo?"

"Baba, mwizi ana haraka. Ndama asiyejua kutembea anamwacha alie. Huyu aliyekuja hapa alimwonea huruma."

Masele akakuna kidevu. "Huruma si ushahidi, mayu."

"Na kamba ya kukamulia iko wapi? Na kibuyu cha maziwa?"

Ngassa alikuwa amesimama nyuma yetu. Akadakia kwa hasira, "Vimeibiwa vyote! Wamenimaliza!"

"Kibuyu kilikuwa kinakaa wapi, baba?"

"Ndani kwa mama. Juu ya kitanda chake."

Lakini kichwani kengele ililia. Mama yake Ngassa, bibi Nyanjige, miguu ilikuwa imemwishia, hatoki nyumbani. Siku ya mnada alikuwa kitandani. Nani angenyanyua kibuyu juu ya kichwa chake asimwone?

Nikatoka pale na furaha kidogo. Nikajiambia, tumtafute mtu mwenye huruma, tutampata aliyewachukua ng'ombe.

Nikaenda kwa Milembe kumpa moyo.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mjukuu wake amelala mapajani. Hakuna aliyepita kumsalimia tangu asubuhi. Watu walikuwa wameanza kumtenga kabla ya hukumu.

"Milembe, sema neno moja tu. Ulikuwa wapi?"

"Nisamehe, mama Thomasi."

"Nikusamehe nini? Hata mimi huniambii?"

Akaangalia chini. "Nikisema, kuna kitu kitavunjika ambacho hakishoneki."

Ndipo nikaiona kanga yake, ile ya bega moja. Ilikuwa imetundikwa kwenye ua wa minyaa, haijafuliwa. Upande wa mgongoni ilikuwa na vinyweleo vifupi, vyekundu, na doa la kinyesi cha ndama.

Nikashusha macho.

Miguu yake peku. Nyayo ndogo pembeni ya zizi.

Nilikuwa nimetafuta mtu mwenye huruma, na nilikuwa nimempata. Jamani, nilitamani nisingejua kuangalia vumbi.

Niliitoa ile kanga pale uani, nikaikunja, nikampa mkononi. "Ifue," nikamwambia.

Alinitazama. Alijua nimejua. Akaipokea tu.

Nje, Marcelo aliyekuwa akinisubiri na baiskeli aliniona uso. "Vipi?"

"Panda baiskeli. Nipeleke kwa bibi Nyanjige kabla jua halijazama."

Nilimkuta bibi amelala ameelekea ukutani. Nilikuwa nimebeba uji wa mtama. Nikamwinua, nikamnywesha pole pole. Juu ya kitanda, kwenye mti wa paa, kamba ya kutundikia kibuyu ilikuwa inaning'inia tupu.

Sikumuuliza habari za kibuyu. Mtu mzima huwezi kumbana kama kifaranga.

"Leo nani amekuletea maji, mayu?" nikauliza.

"Hakuna. Milembe hakuja leo. Anaumwa?"

Kumbe hajui! Ngassa alikuwa amemwambia tu kwamba mwizi amekamatwa, akatoka.

"Hawezi kuja, mayu. Kesho wanamtenga. Wanasema yeye ndiye mwizi."

Bibi akausukuma mkono wangu, uji ukamwagika kwenye shuka.

Nikangoja. Akageuka akaelekea ukutani tena.

Niliosha bakuli, nikamfunika miguu, nikatoka. Mlangoni nikamshika Marcelo bega. "Wewe lala hapa kwenye veranda. Usitoke hata kwa kengele ya kanisa. Bibi akisema anataka kwenda mahali, mpakie."

"Na kama ng'ombe wakirudi?"

"Marcelo!"

"Nimekaa, mama. Nimekaa."

Asubuhi kijiji kizima kilikuwa uwanjani. Wanaume na pinde zao, wanawake tumekaa upande mmoja. Milembe alisimama katikati peke yake, mjukuu mgongoni. Kanga ameifua.

Masele hakuwa mtu mbaya. Niliona alivyosogea kidogo ili kivuli chake kimwangukie yule mtoto. Lakini kazi ilikuwa kazi.

"Milembe. Mara ya mwisho. Siku ya mnada ulikuwa wapi?"

Milembe akamweka mjukuu vizuri mgongoni.

Ngassa akainua kile kitabu juu. "Ninyi wenyewe mmesoma! Aliye karibu na chungu?"

"Ndiye mwenye masizi!" vijana wakaitikia.

Siku ile hakuna aliyecheka.

Niliangalia njia ya kwa Ngassa. Nyeupe, haina mtu. Nikasimama. "Baba Masele, naomba tungoje kidogo."

"Tungoje nini, mayu?"

Ningesema nini? Kwamba nimeacha mchora katuni verandani?

"Kaa chini, mayu," akasema kwa upole. Kisha akawageukia wanaume. "Wanaokubali atengwe, wainue pinde."

Upinde mmoja. Mwingine. Ukawa msitu.

Kriiing! Kriiing!

Watu wakageuka. Marcelo alikuwa anasukuma baiskeli mbio, jasho linamtiririka, anapiga kelele, "Pisheni! Pisheni jamani!" Kwenye keria, bibi Nyanjige amekaa upande kama bi harusi, miguu inaning'inia, mkono mmoja umekamata shati la Marcelo.

"Masele!" bibi akaita hata kabla hajashushwa. "Nani kakwambia nimeibiwa?"

"Mayu, ng'ombe ni wa Ngassa..."

"Wa Ngassa tangu lini? Wale ni mahari tuliyopokea kwa binti yangu Shida! Baba yao alisema kabla hajafa: hao ni wa kumlipia mahari Kija, mdogo wao wa kiume. Huyu Ngassa alitaka kuwabadilisha na lori, awe bosi wa pamba. Lori lenyewe halina hata matairi!"

Mtu mmoja akaguna kwa kicheko, akajizuia.

"Nimebilisa," bibi akasema.

Wazee wakatazamana.

Kwa wasiojua: kubilisa ni kumkabidhi mtu unayemwamini ng'ombe wako, akutunzie mbali. Anakamua, anakunywa maziwa, lakini ng'ombe ni wako. Na mtunzaji hasemi. Hata akibanwa vipi, hataji ng'ombe wa mtu. Mwenye ng'ombe ndiye anayesema.

"Wako Zagayu, kwa Selestini, kaka yake Milembe. Nilichagua siku ya mnada, njia zimejaa ng'ombe, nani atauliza? Selestini akaswaga wakubwa. Milembe nilimpa kibuyu na kamba, akambeba ndama mgongoni mpaka barabarani, kama mwanawe. Nilimwapisha asimwambie mtu."

Akamgeukia Milembe. "Mwanangu, mbona hukuniletea habari kwamba wanakushitaki?"

Milembe akapiga magoti mbele ya baiskeli. "Nilidhani unajua, mayu. Nilidhani unangoja."

"Waliniambia wamekamata mwizi. Nikasema moyoni, mwizi yupi wakati mimi ndiye niliyetoa? Haya, na wakamate upepo wao."

Pinde zilikuwa zimeshashuka zote. Ngassa alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu.

Kumbe katuni ilisema kweli. Milembe ndiye aliyelifungua lile zizi. Nyayo zilisema kweli. Kanga ilisema kweli. Vyote vilisema kweli, na sisi tulikuwa karibu kumzika mtu akiwa hai.

Masele alivua kofia, akaenda kumtekea Milembe maji kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya watu wote. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kuomba radhi. Kija naye alioa msimu uliofuata, na yule ndama aliyebebwa mgongoni alikuwa kwenye mahari.

Toleo lililofuata la Marcelo, Sindano alikuwa mnene kidogo na ana kidoti shavuni kama changu. Gunia alikuwa mwembamba, anaogopa ng'ombe. Tulicheka mpaka machozi.

Mstari wa mwisho wa Sindano ndio uliobadilika, na mimi ndiye niliyempa, siku moja anakula ugali kwa Milembe. Nawaachia na ninyi, wajukuu zangu, mnaohukumu watu kwa picha iliyopita kwenye simu.

Masizi hayakwambii kama mtu ameiba nyama au amewapikia wageni.