Mkono Juu ya Kimondo

Juma lile usingizi ulinikataa kwa sababu ya jambo moja. Nilimjua mtu aliyemvunja binamu yangu mkono, na hakuna mwingine aliyemwona. Nikimtaja nyumbani, watamuua. Nikimtaja kwa polisi, atafungwa, na mimi nitakuwa mtu aliyempelekea jirani yake serikali. Nikinyamaza, labda hasira itapoa. Nililigeuzageuza hilo la "labda" hadi kichwa kikaniuma.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa nimemaliza shahada ya jiolojia Nairobi, nikawa naishi kwa ami yangu Kaloleni, nikingoja kazi. Ili nisikae bure nilitembea ufukweni mwa ziwa na fimbo yenye sumaku nchani, nikitafuta vimondo. Kabla ya kuanza nilikwenda ofisi ya wilaya kuuliza kanuni. Kesho yake nikarudi kuuliza tena, kwa kuogopa kwamba sikuelewa vizuri.

"Shamba la mtu, omba mwenyewe," karani alinieleza. "Ardhi ya umma, okota kilicho juu, usichimbe, usiuze. Kitu kikianguka kweli kutoka juu, kilete hapa, useme umekitoa wapi na nani walikuwepo." Kisha akacheka. "Lakini huko juu nako, Bwana, ni wilaya gani?"

Kwa miezi kadhaa sumaku yangu haikuokota kitu ila misumari ya reli na vipande vya sufuria. Halafu alasiri moja mbingu ikapasuka. Ulikuwa mlio kama wa bati linalochanwa, ukafuatwa na kishindo kilichowatawanya ng'ombe hadi kwenye mafunjo. Vumbi lilipanda kutoka malisho ya umma, karibu na maji.

Pale kwetu, kiboko akifa ufukweni hakuna anayeuliza ni wa nani. Watu huja na mashoka na mabeseni, na aliyemgusa kwa mkono kabla ya pigo la kwanza ana fungu lake. Huo mkono ndio dai, hauhitaji maneno. Nimewahi kuona mtu akipoteza kidole kwa kukataa kuuondoa. Siku ile, waliposikia kwamba kitu kimeanguka kwenye ardhi isiyo na mwenyewe, watu walikuja vilevile, na mashoka na nyundo.

Nilifika mbio, binamu yangu, mwana wa ami, nyuma yangu. Alikuwa mchukuzi bandarini, mtu wa kubeba magunia mawili kwa mpigo. Jiwe lilikuwa kubwa kama kichwa cha ndama, jeusi, nusu limezama kwenye kichuguu lilichokivunja. Nilipiga magoti nikaweka viganja vyote viwili juu yake, nikapiga kelele kwamba lisivunjwe. Nilidhani nalilinda.

"Msomi ameshika!" mama mmoja akalia. "Ameshika kabla ya kukatwa!"

"Mikono miwili! Anataka mafungu mawili!"

"Ni mali ya serikali," nikasema.

"Serikali ndiyo imelitupa? Basi ingetuua sisi wote!" Watu wakacheka.

Fundi mmoja wa mashua, jirani yetu, hakucheka. Alisimama mbele yangu na shoka lake la kupasulia magogo. "Toa mkono, omera, ndugu yangu," akasema, "au uache vidole hapo."

Sikuutoa. Sikuwa jasiri, nilikuwa bado nafikiri. Shoka likashuka kati ya viganja vyangu, jiwe likapasuka, vigae vikanichana shavu. Binamu yangu akamsukuma fundi kifuani, naye akaanguka juu ya mama mwenye beseni. Kuanzia hapo hakukuwa tena na kugawana. Mtu alipigwa beseni usoni hadi meno yakalegea. Mwingine alikanyagwa akiwa amekumbatia kipande. Binamu alikuwa amegeuka kuniinua nilipomwona fundi akisimama nyuma yake, akageuza shoka, akampiga mkono kwa kisogo chake, upande usio na makali. Mfupa ulilia kama muwa unaovunjwa gotini. Askari wakaja na rungu, wakampiga kila aliyekuwa karibu, hata aliyelala chini. Nilimvuta binamu hadi barabarani. Ndipo nikaona kwamba kipande kikubwa cha jiwe kilikuwa kwapani mwangu.

Hospitali walisema mkono hautanyooka tena. Ndugu zake wakakaa kwenye ngazi ya saruji ya nyumba ya ami wakinoa panga.

"Wewe ulikuwa umemwelekea," mkubwa wao aliniambia. "Sema tu ni nani. Hutaguswa na damu."

"Kulikuwa na vumbi."

"Vumbi! Umesoma mawe miaka yote hiyo, vumbi ndilo limekushinda?"

Ami hakunilazimisha. Alisema tu, "Mkono wa mchukuzi ndio shamba lake," akaingia ndani. Hilo liliniumiza kuliko kelele za wanawe.

Niliposhindwa kusema, walijisemea wenyewe. Walimkamata muuza nyavu mmoja aliyeonekana pale na nyundo, wakamburuta kutoka nyumbani kwake mtaa wa Obunga, wakampiga kwa mbao hadi sikio likatoa damu. Hakuwa yeye. Nilisimama kando nikisema si yeye, si yeye, nao wakanigeukia.

"Basi ni nani?"

Nikanyamaza, wakarudi kumpiga. Walimwachia alipoacha kulia.

Asubuhi iliyofuata nilitia kipande cha jiwe ndani ya gunia, nikapita katikati yao pale kwenye ngazi.

"Unakipeleka wapi?"

"Kinakotakiwa."

Karani alikiweka mezani, akakigusa kwa kidole. Aliuliza kilitoka wapi, nikamwambia. Aliuliza nani walikuwepo. Nikamtaja binamu, nikamtaja muuza nyavu, kisha nikamtaja fundi na alichofanya kwa kisogo cha shoka lake. Karani akaiweka kalamu chini.

"Nyumbani watakuita nini?"

"Mpigie simu polisi, Bwana. Wale wa nyumbani wakimjua kwanza, hatafika jioni."

Polisi walitaka mtu wa kuwaonyesha nyumba. Nikapanda Landrova. Fundi alikuwa uani akiranda ubao, mgongo wake kwetu. Konstebo akaniambia nibaki ndani ya gari, nionyeshe kupitia kioo, ili nisijulikane.

Nikafungua mlango, nikateremka, nikangoja fundi ageuke anione.

"Ni huyu," nikasema.