Eti Mimi Ndiye Fundi wa Masanja

Leo nimegundua kwamba nimeajiriwa bila kuambiwa.

Asubuhi dada mmoja, katibu wa kikundi cha wafuga nyuki, amebisha hodi hapa kwangu, mtaa wa Cheyo, kompyuta kwapani.

"Shikamoo Mwalimu. Jedwali letu la asali limegoma kujumlisha. Bwana Masanja aliyetuuzia kasema likisumbua tuje kwako, eti wewe ndiye fundi wake."

Nikalifungua.

Ni langu!

(Kwa msiojua: tangu nistaafu nabuni majedwali ya Excel ya wafugaji na kuyauza mtandaoni. Ndiyo yanayonilisha.)

Masanja ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Nakala ile nilimpa bure, kwa ajili ya mizinga yake. Amefuta jina langu, ameweka lake.

Dada wa watu hana kosa. Nikamwonyesha tatizo: aliandika "madebe sita" mahali pa kuandika 6, na kompyuta haijumlishi maneno. Akacheka, akashukuru.

Hajamaliza chai, simu ikaita. Masanja.

"Shikamoo Mwalimu! Mteja wangu umemhudumia?"

"Marahaba." Mazoea, jamani. Mdomo ulitangulia.

"Basi kesho nakuletea wengine wawili."

Nikakata simu.

Angeniomba tuuze pamoja, ningekubali siku hiyohiyo, na kumfundisha ningemfundisha. Hilo ndilo linaloniuma.

Sasa niambieni ukweli: kesho hao wawili wakibisha hodi, ninyi mngewafungulia?