Uso Uliobandikwa Mbarara

Mukashema alikuwa na miaka kumi na minne alipofika kambi ya wakimbizi ya Nakivale mwaka 2004, akitokea milima ya Kivu Kusini pamoja na mama yake, Nyirabizimana. Katika familia yao walibaki wao wawili tu. Nyumba yao ilichomwa wakiwa ndani, na mama akamtoa binti yake kwa mikono mitupu. Tangu siku hiyo vidole vya mama havikunyooka tena. Mukashema naye, upande wa kushoto, kuanzia chini ya jicho hadi shingoni, ngozi ilijikunja ikabaki hivyo.

Watu wa kwao kambini walimzoea. Aliimba kwaya kanisani na hakuna aliyemkodolea macho. Lakini kila alipopigwa picha, iwe ya kadi ya chakula au ya harusi ya rafiki, aligeuza shingo ili upande ule ubaki kivulini.

Pengine ndiyo maana kazi ya picha ilimkaa moyoni. Shirika moja lilifungua darasa la kompyuta karibu na Base Camp, penye ofisi za kambi, akajiandikisha, na kabla mwaka haujaisha Bonaventure, Mkongo mwenzake mwenye studio ndogo pale Misiera, kijiji cha kambi hiyo hiyo, akamchukua. Mteja aliingia na fulana iliyotoboka, akatoka na picha amevaa suti na tai. Mjane mmoja alileta picha ya marehemu mumewe iliyoliwa na mchwa. Mukashema akamrudishia mume mzima, amesimama na watoto waliozaliwa bila kumwona. Kilichomshinda kila mtu na kisimshinde yeye kilikuwa makovu. Aliikuza picha mpaka vinyweleo vikaonekana, akachota ngozi nzima kidogo kidogo kutoka shavu moja, akafunika nayo shavu la pili, hata mwenye kovu mwenyewe akatafuta lilipokuwa asilione. Watu walitoka vijiji vya mbali vya kambi kumfuata.

Mwaka 2012 sifa hizo zikamfikia Faizo, mwenye studio ya picha na mabango mjini Mbarara, naye akamwita. Aliyempakia kwenye bodaboda mpaka mji mdogo wa Kabingo kupanda gari alikuwa Muhire, kijana wa kwaya ile ile. Wazee wa pande mbili walikuwa wameshaanza mazungumzo ya ng'ombe wa mahari. Mukashema aliondoka akiwa na furaha, na alikuwa na kila sababu.

Mwaka uliofuata Tumusiime akaingia studio. Alikuwa mtoto wa askari, amezaliwa na kukulia kwenye nyumba za wanajeshi nje kidogo ya mji, na alikuwa anatengeneza sinema akiwatumia wake wa askari na vijana wa nyumba hizo hizo. Sinema yake iliitwa Aliyebaki Kisimani. Ilihusu mwanamke aliyesukumwa kisimani na mumewe, akarudi kumdai roho yake. Ilikuwa haijafika nusu, lakini Tumusiime alitaka bango mapema ili wenye vibanda vya video waanze kuiulizia.

Alileta picha za Mackline, mke wa askari aliyeigiza huyo mfu. Walikuwa wamempaka unga usoni na rangi nyekundu mdomoni. Mukashema alifanya alivyoweza. Alimkata Mackline kutoka kwenye ukuta wa nyuma, akamzungushia giza, akaweka ukungu, akazamisha mashavu, akaandika jina la sinema kwa herufi zinazochuruzika. Siku nne alikuwa juu ya kazi hiyo, akifuta na kuanza upya. Kila alipochapa nakala ya kujaribu, Angella, mke wa Faizo aliyekuwa akipokea wateja mlangoni, aliitazama akacheka. Kweli ilichekesha. Ilionekana kama mama aliyetoka kusaga mahindi.

Siku ya tano Tumusiime aliketi nyuma yake, akatazama kioo cha kompyuta muda mrefu, kisha akamtazama yeye.

"Nyabo, usikasirike," alisema kwa sauti ya chini, akimwita bibi kwa heshima ya kwao. "Hii ya unga hapana. Ile natafuta, wewe iko nayo."

Mukashema alielewa mara moja. Mikono yake ilibaki juu ya meza.

"Batu ba kwetu batanitambua," alisema.

"Kompyuta ni yako. Badilisha mpaka hata mama yako hawezi jua."

Hakuwa mtu mbaya, Tumusiime. Alisema yote yale akiinamisha macho. Alimwahidi kwamba jina lake litaandikwa chini ya bango, na kwamba wenye sinema wa Kampala wakiliona watamtafuta. Jina ndilo lililomvuta. Kwa miaka mingi kazi yake nzuri ilikuwa ile isiyoonekana; ikionekana, basi amekosea. Alitamani mara moja tu kufanya kitu ambacho watu watasimama wakitazame na kuuliza nani amekifanya. Akakubali.

Faizo alimpiga picha mbele ya kitambaa cheusi, taa ikimulika upande wa kushoto. Asubuhi iliyofuata Mukashema aliifungua peke yake. Kovu lile alilijua kwa vidole, siyo kwa macho. Hakuwahi kuliona limejaa kioo kizima. Alikaa bila kugusa kitu. Alitegemea kuogopa, lakini aliyekuwa mbele yake alikuwa msichana aliyechoka, basi. Tumusiime alipofika aliona vile vile, akatikisa kichwa.

"Hii inaleta huruma," alisema. "Mtu ataona, atasema pole."

Basi Mukashema akaanza kuondoa kile kinacholeta huruma. Alianza na macho. Kwenye mboni kulikuwa na nukta ndogo nyeupe, mwanga wa taa. Alipoifuta, mtu akaondoka usoni. Akazipausha mboni zenyewe, akang'oa kope moja moja. Kisha akashika kifaa kile kile alichokuwa akifutia makovu ya watu, akakitumia kinyume: akachota ngozi iliyokunjamana ya kushoto, akaitandaza mpaka shavu la kulia, puani na kwenye paji la uso. Akalowesha nywele. Akaivuta rangi ya ngozi kuelekea kijani cha ukoka, na kuzunguka kichwa akapanga mawe ya kisima. Kwenye nakala ya kwanza rangi nyekundu ilitoka kahawia kama mchuzi, akapunguza hapa, akaongeza pale, akachapa tena mara mbili. Iliyofuata ilipotoka kwenye mashine, Angella aliziba mdomo kwa kiganja, akatoka nje.

Mukashema alifurahi. Hiyo ilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya, na alijua.

Mizigo ya mabango ilipofika kutoka kwa mchapaji, chini hapakuwa na jina lake. Faizo alikuwa amelitoa, akaweka jina la studio na namba ya simu. Alimweleza kwamba mteja anahitaji kujua pa kwenda, jina la mtu halimsaidii.

Mabango yakabandikwa mjini kote, yakaenda Kabingo, yakafika mpaka vibanda vya video vya Misiera. Simu zikaanza kulia. Wengine walikuja wenyewe kwa sababu ya namba ile, wakitaka kumwona fundi wa bango, na walipoingia walimkuta ameketi mbele ya kompyuta. Walimtazama, wakatazama bango mlangoni, wakamtazama tena. Siku moja mama mmoja alimleta mtoto kupigwa picha ya siku ya kuzaliwa. Mtoto alimwona Mukashema akiinuka kuwapisha, akalia mpaka akakosa pumzi. Mama yule akasimulia sokoni. Wateja wakapungua, na waliokuja waliomba kuhudumiwa na mtu mwingine. Faizo akamhamishia stoo ya nyuma, katikati ya makopo ya wino. Mwezi haukupita, akamwambia apumzike nyumbani kidogo, atamwita. Hakumwita.

Sinema nayo ikafia njiani. Mume wa Mackline alihamishiwa kaskazini, mke akamfuata, na bila yeye hapakuwa na wa kupigwa picha. Simu ya Tumusiime ikawa haipatikani. Mabango yakabaki, yakitangaza kitu ambacho hakipo.

Mukashema alirudi Nakivale. Mama yake alikuwa ameketi mbele ya nyumba, na bila shaka alikuwa ameshaliona bango. Hakupaza sauti. Alimkaribisha, akampa chakula, akasubiri amalize kula.

"Nilikutosha mu moto na hii mikono," mama alisema, "juu uende kujirudisha?"

Mukashema alichukua sahani akaenda kuiosha. Mama hakuuliza tena, siku hiyo wala baadaye.

Mchungaji alizungumza naye kwa upole akamwomba akae nje ya kwaya kwa muda, maana washirika wengine walisema amewapa mapepo uso wake. Muhire alikuja mwenyewe. Alizunguka maneno kwa muda, mwishowe akasema wazee wa kwao wamesimamisha mazungumzo, na yeye hana nguvu ya kubishana nao. Walipeana mkono kama watu waliokutana njiani. Mwaka uliofuata alioa huko Rwamwanja, kambi nyingine ya wakimbizi.

Kwa wiki kadhaa Mukashema alizunguka Misiera na Kabingo na ndoo ya maji na kisu, akibandua mabango. Gundi ilikuwa ya unga wa muhogo, imekauka kama saruji. Karatasi zilichanika vipande, hapa likabaki jicho, pale nusu ya mdomo. Kisha aliikuta picha ile ile kwenye majalada ya DVD za sinema nyingine, zimetandikwa juu ya turubai sokoni. Watu asiowajua walikuwa wameinakili na kubandika majina yao. Muuzaji mmoja alimweleza kwamba picha hiyo inauza hata sinema mbovu. Siku hiyo aliacha kubandua.

Bonaventure alimwita tena studio. Mukashema alikwenda asubuhi moja. Mteja wa kwanza alikuwa na kovu la panga kwenye paji la uso, naye Mukashema akalifuta pichani vizuri kabisa. Mteja alishukuru, akashika mlango, kisha akageuka kuuliza kama ni yeye yule wa kisimani. Alijibu ndiyo. Jioni alimrudishia Bonaventure ufunguo wa studio.

Mwaka 2015 alikuwa analima kipande chao cha mahindi na maharage nyuma ya nyumba. Alilima peke yake, maana mama hakuweza kushika jembe. Mvua za msimu zilichelewa, mahindi yakatoka hafifu, majani yakawa ya njano kabla ya kubeba. Majirani waliong'oa yao wakapanda mihogo. Mukashema aliyaacha yake yasimame jinsi yalivyo, akaendelea kuyapalilia.