Dakika Kumi za Wafula

Naikumbuka Jumapili moja ya fainali, mwanangu, na kila nikiikumbuka chai hunipoa mkononi. Nilikuwa na miaka thelathini, kocha wa timu ya mtaa wetu wa Jamhuri. Kiungo wangu alikuwa Kamau, mkongwe asiyepoteza mpira, wala asiyevumbua lolote. Kwenye benchi aliketi Wafula, mtunza bustani wa tajiri mmoja kule Lavington. Kipaji kama chake sijakiona tena. Lakini mara moja alijaribu chenga akapokonywa, tukafungwa, nami nikaliweka kosa lile moyoni. Nilijiambia zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Siku hiyo wakubwa wa klabu moja ya ligi walikuja kutafuta wachezaji. Wafula alinyimwa ruhusa kazini, akaja hivyo hivyo, maana nilikuwa nimemwahidi kipindi cha pili.

Kipindi cha pili kilifika, bado hatujafungana. Nikaogopa. Wafula alipasha misuli kando ya uwanja mpaka jasho likamkauka. Zilipobaki dakika kumi alinijia, akasema polepole, "Kocha, nipatie hizi tu. Nikiharibu, usiniite tena."

Nikamwambia akae. Kamau nilimjua.

Tulishindwa kwa penalti. Kesho yake Wafula akafutwa kazi, na mpira hakuugusa tena. Nilipomwendea Kamau ili anifariji, yeye ndiye aliyenimaliza. "Miguu zangu ziliisha mapema, kocha. Nilikuwa nakuangalia, nikingoja unitoe."

Miaka mingi baadaye nilimkuta Wafula pale Adams Arcade, bawabu wa duka, mvi zimemjaa. Nikamwomba msamaha. Alisema alinisamehe kitambo, kisha akaniomba kwa upole nisogee kando, kwa kuwa nilikuwa nimewazibia wateja mlango.

Watu husema majuto hupungua na umri. Yangu hayajapungua, mwanangu, na sitegemei yatapungua. Basi siku utakayokabidhiwa watu uwachague, usimdharau mkongwe, kwani utu uzima dawa. Ila woga wako usiuite busara. Mtu akikosea mara moja, usimfunge kwa kosa hilo maisha yake yote. Na ahadi uliyompa itimize hata kama unaogopa, maana maji yakimwagika hayazoleki.

Mungu akupe moyo nilioukosa mimi, na uzee wako usifanane na huu wangu.